Banda Lenye Daftari: Tathmini ya Mahali pa Kuangalia Serengeti Boys, Mbagala

Ukishuka kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, na kuuliza mahali pa kuangalia mpira, utaonyeshwa mabanda matatu au manne kabla hujamaliza swali. Kwa mtu anayefuata Simba, Yanga au ligi za Ulaya, mabanda hayo hayatofautiani sana: yote yana king'amuzi, yote yana mabenchi, na yote hujaa pomoni siku ya watani wa jadi. Kwa sisi tunaofuata timu ya taifa ya vijana wenye umri chini ya miaka 17, yaani Serengeti Boys, pamoja na dada zao Serengeti Girls, mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu mashindano yao huchezwa nchi za mbali, mara nyingi siku za kazi, na zikiangukia mwishoni mwa wiki hugongana na mechi za Ulaya zenye wateja wengi zaidi. Kwa hiyo mwenye banda anayekubali kuwaonyesha makinda anajua tangu mwanzo kwamba siku hiyo mauzo yatapungua. Banda ninaloliandikia tathmini hii hufanya hivyo kila mara. Halina kibao wala jina, lakini ukiuliza "banda lenye daftari", vijana wa bodaboda pale kituoni watakufikisha.

Nimekuwa mteja wake tangu Aprili 2019, na tangu wakati huo nimeangalia humo karibu kila mechi ya timu zetu za vijana niliyoweza kuipata kwenye televisheni, kwa hiyo ninayoyaandika hayatokani na kupita mara moja. Banda ni la mabati pande tatu, na upande wa nne ni ukuta wa nyumba ya mwenye banda mwenyewe, uliopakwa chokaa nyeupe, ambao ndio unaopokea picha ya projekta. Pembeni imening'inizwa televisheni ndogo kwa ajili ya mechi ya pili ikiwapo. Mabenchi ni ya mbao na hayana pa kuegemea, isipokuwa safu ya nyuma iliyogusa bati. Kiingilio ni shilingi 500 kwa mechi za kawaida na 1,000 kwa mechi ya watani. Kwa mechi za timu za taifa za vijana kimebaki 500 hata ilipofika robo fainali ya Kombe la Dunia, na watoto huingia bure na kukaa kwenye mkeka mbele kabisa, mradi hawajavaa sare za shule, maana mwenye banda, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi na wote tunamwita Mwalimu, hampokei mtoto aliyetoroka darasani hata kama timu inayocheza ni ya rika lake.

Ili msomaji aelewe kwa nini huduma hii naiona ya thamani, inanibidi nirudi nyuma hadi Mei 2017, kabla sijalijua banda hili. Mwaka huo Serengeti Boys walicheza fainali za Afrika nchini Gabon, baada ya safari ndefu ambayo wengi wameisahau. Katika kuwania kufuzu waliwatoa Shelisheli, wakawatoa Afrika Kusini, kisha wakakutana na Kongo Brazzaville, wakashinda 3-2 Dar es Salaam na kufungwa 1-0 ugenini, na kwa sheria ya bao la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mengi ugenini pale jumla inapolingana, safari ikaonekana imekwisha. Tanzania ilikata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaagiza apimwe kwa MRI, kipimo cha picha kinachosaidia kukadiria umri, mchezaji hakufika kupimwa, Kongo wakaenguliwa na vijana wetu wakapewa nafasi. Walipofika Gabon, chini ya kocha Bakari Shime na nahodha Dickson Job, walitoka sare ya 0-0 na Mali, ambao walikuwa mabingwa watetezi na ndio waliokuja kulitwaa kombe tena, kisha wakawafunga Angola 2-1. Ikabaki mechi moja dhidi ya Niger, mjini Port-Gentil, ambayo sare yoyote ingewapeleka nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia nchini India.

Mechi hiyo ilichezwa Jumapili ya Mei 21, 2017, siku ileile ambayo Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa inamalizika. Nilikuwa nimelipa kiingilio katika banda jingine, ambalo sitalitaja, nikaomba walau televisheni ya pembeni iwekwe mechi ya vijana, nikajibiwa kwamba chaneli haibadilishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, na mchezo ambao ungeweza kuipeleka Tanzania kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza nikaufuata kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa shemeji yangu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa na maneno mawili: "Tumefungwa moja." Ndani ya banda walikuwa wanashangilia bao la timu ya Uingereza. Tangu siku ile nilianza kutafuta mahali ambapo mtoto wa miaka kumi na sita aliyevaa jezi ya taifa anaheshimiwa kama mchezaji kamili, na miaka miwili baadaye nikapapata.

Sasa nieleze hilo daftari, maana ndilo lililolipa banda sifa. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, lile ambalo wanafunzi wa sekondari huliita kaunta buku, nalo limefungwa kwa kamba ya katani kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo kila anayelipa kiingilio huliona. Mwalimu ameandika humo, kwa mwandiko wa ubaoni ulionyooka, kila mechi ya mashindano ya Serengeti Boys anayoifahamu, na baadaye ya Serengeti Girls: tarehe, mji, matokeo, wafungaji, na katika safu ya mwisho, neno moja au mawili kuhusu hali ya mchezo. Ukurasa wa kwanza una mistari michache tu, nayo inahusu mwaka 2005, ambapo timu ilifuzu fainali zilizofanyika Gambia, kisha ikaenguliwa kwa sababu ya kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Mwalimu hakuficha ukurasa huo wala hakuuandika kwa herufi ndogo. Nilipomuuliza kwa nini ameanza na aibu, alinijibu, "Mwanangu, daftari la mahudhurio huandikwa na siku ambazo mtoto hakuja."

Nimelisoma daftari hilo mara nyingi wakati wa mapumziko, na kila ninapolisoma naona jinsi historia ya timu hii ilivyoamuliwa na makaratasi karibu sawa na ilivyoamuliwa na miguu. Mwaka 2005 cheti cha umri kiliwatoa, na mwaka 2017 suala hilohilo la umri likawarudisha. Katikati ya miaka hiyo miwili FIFA ilianza, mwaka 2009, kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana, kipimo kinachoonyesha kama mfupa wa mkono umekwisha kuungana, jambo ambalo kwa kawaida halitokei kabla ya kijana kuvuka miaka 17, na CAF nayo ikakifuata. Hata ndani ya ukanda wetu, katika michuano ya vijana ya CECAFA, yaani ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, iliyofanyika Burundi Aprili 2018, Zanzibar iliondolewa mashindanoni kwa sababu ya umri wa wachezaji wake, wakati Tanzania Bara ilikwenda hadi fainali na kuifunga Somalia 2-0. Kombe hilo limepewa nusu ukurasa katika daftari, na kwa maoni yangu lilistahili ukurasa mzima, kwa sababu vikombe vya timu hii si vingi kiasi cha kuvibania karatasi.

Kuna kosa moja nililiona katika ukurasa wa Gabon, nami nalitaja kwa sababu namna lilivyorekebishwa inaonyesha ubora wa mahali hapa kuliko sifa yoyote ninayoweza kuiandika. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba Niger waliwapita vijana wetu kwa tofauti ya mabao. Nilimwonyesha hesabu kwenye kona ya gazeti: Tanzania ilifunga mabao mawili na kufungwa mawili, Niger ilifunga manne na kufungwa manne, baada ya sare ya 2-2 na Angola, kufungwa 2-1 na Mali na kutufunga sisi 1-0, timu zote mbili zilikuwa na pointi nne na tofauti yao ya mabao ilikuwa sifuri, kwa hiyo kilichotuumiza ni matokeo ya mechi iliyotukutanisha sisi wenyewe. Alivaa miwani, akapiga hesabu upya kwa kidole, akachora mstari mmoja kwa rula juu ya maneno ya zamani ili yaendelee kusomeka, akaandika sahihisho juu yake na kuweka tarehe. Kisha akanirudishia shilingi 500 yangu. Nilikataa kuipokea, naye akaitia kwenye kopo la mafuta ya jenereta.

Pembezoni mwa kurasa ameandika kwa penseli walikofika wachezaji. Kwa Dickson Job imeandikwa Mtibwa, kisha Yanga, kisha Taifa Stars. Kwa Abdul Suleiman, ambaye wote tunamwita Sopu, imeandikwa: "Mabao matatu, fainali, Arusha 2022", ikimaanisha fainali ya Kombe la Shirikisho ambayo alifunga mabao yote matatu ya Coastal Union dhidi ya Yanga katika sare ya 3-3, kabla ya Yanga kushinda kwa penalti. Kwa Kelvin John wa kikosi cha 2019 imeandikwa Genk, ikafutwa kwa ufutio, ikaandikwa Aalborg. Karatasi imechakaa pale palipofutwa, na ukilishika daftari kuelekea mwanga, unaona jina la zamani likichungulia chini ya jipya.

Mechi yangu ya kwanza katika banda hili ilikuwa Jumapili ya Aprili 14, 2019, Tanzania ilipofungua fainali za Afrika kama mwenyeji dhidi ya Nigeria. Uwanja wa Taifa haukuwa mbali, lakini nilikuwa kazini hadi mchana na nisingewahi. Nilikuta watoto wameshajaa mkekani, na kwenye mabenchi walikuwapo watu wazima ambao nusu yao walikuja kusubiri mchezo wa Liverpool na Chelsea wa jioni ileile. Wale waliomfuata Liverpool walisahau kilichowaleta. Vijana wa kocha Oscar Mirambo walicheza mpira wa kushambulia ambao sijauona tena kutoka kwa kikosi chetu cha umri huo, wakafika mahali pa kuongoza 4-3, na banda lilitikisika kiasi kwamba vumbi la kwenye mabati lilituangukia vichwani. Halafu Nigeria wakasawazisha, wakaongeza la tano. Filimbi ya mwisho ilipolia, matokeo yakiwa 5-4, mteja mmoja aliyekuwa nyuma alidai chaneli ibadilishwe haraka. Mwalimu hakubadilisha. Aliwaacha vijana wale kwenye ukuta mkubwa, wengine wamelala chini wakilia, hadi mpiga picha wa televisheni mwenyewe alipowaacha. "Tuliwaona wakifunga," alisema, "na tuwaone wakitoka."

Mechi mbili zilizofuata hazikuwa na mengi ya kusimulia. Uganda walitufunga 3-0, Angola wakatufunga 4-2, na mashindano ya nyumbani yakaisha kwa mabao sita ya kufunga, kumi na mawili ya kufungwa, bila pointi hata moja. Naamini kwamba kufuzu kwa tiketi ya mwenyeji kuliwanyima vijana wale mechi ngumu za kuwania kufuzu ambazo zingefichua mapema udhaifu wa safu ya ulinzi, na hilo nimelisema mara nyingi ndani ya banda bila kupingwa sana. Jambo linalohusu tathmini hii ni kwamba timu yetu ilipotolewa, Mwalimu hakuacha kuonyesha mashindano. Tuliangalia nusu fainali na fainali, ambayo Kamerun waliishinda Guinea kwa penalti baada ya sare ya 0-0, na baadaye daftari likaongezewa mstari kwamba Guinea walipoteza nafasi yao ya Kombe la Dunia la Brazil kwa sababu ya umri wa wachezaji, na Senegali wakaenda badala yao. Watu tisa tulikuwepo kwenye fainali ile, na tulilipa kiingilio kilekile.

Ningependa kusema kwamba kila kitu ni kizuri, lakini tathmini isiyotaja kasoro haimsaidii mtu. Kasoro ya kwanza ni mwanga. Mabati ya upande wa magharibi yana matundu ya misumari ya zamani, na kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jua hupenya na kuchora nukta nyeupe ukutani, kiasi kwamba mpira ukiwa katika eneo la kona ya kulia unapotea kabisa. Mwalimu ameziba baadhi kwa lami, mengine bado. Kasoro ya pili ni spika, ambayo ikipandishwa sauti hukoroma, na sauti ya mtangazaji wa Kiswahili, ambayo ndiyo inayotufaa wengi wetu, husikika kama anatangaza akiwa ndani ya pipa. Joto ni kali, feni ni moja. Choo ni cha jirani, nacho kina ufunguo unaotembea kutoka mkono hadi mkono, na siku yenye watu wengi ufunguo hupotea. Ya mwisho ni mazungumzo ya mapumziko: Mwalimu hupunguza sauti na kutueleza kilichotokea kipindi cha kwanza, akimwita mtoto mmoja mmoja aseme alichokiona, na ingawa mimi nafurahia sana, nimewaona wageni wakinyanyuka kwa kudhani wamerudishwa darasani.

Kasoro iliyoniuma zaidi ni ya umeme, na ilitokea katika kipindi ambacho ndicho pia kielelezo bora cha huduma ya banda hili, yaani Oktoba 2022, Serengeti Girls walipokwenda India. Kikosi hicho kilikuwa cha kwanza kutoka Tanzania, wa kiume au wa kike, kucheza Kombe la Dunia la FIFA, na kilifuzu kwa kuwafunga Kamerun 4-1 kwao Yaoundé na 1-0 Zanzibar. Kocha alikuwa yuleyule Bakari Shime aliyekuwa Gabon, jambo ambalo Mwalimu aliliandika kwa wino mwekundu na kulipigia mstari. Katika mechi ya kwanza Japani waliwafunga 4-0, na mitaani watu wakasema basi, wameenda kutalii. Mechi ya pili ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 15 dhidi ya Ufaransa. Jumamosi, kila mwenye banda anajua, ni siku ya Ulaya. Mwalimu aliweka Ulaya kwenye televisheni ndogo ya pembeni, bila sauti, na wasichana akawaweka ukutani.

Nakumbuka vizuri sana siku ile. Diana Mnally alipofunga bao la kwanza, mapema katika kipindi cha kwanza, mama anayekaanga mihogo nje ya banda aliingia na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, na hakutoka tena. Bibi mmoja jirani, ambaye sijawahi kumwona humo kabla wala baada ya siku hiyo, alichungulia akauliza, "Hawa ni wetu?" Watoto wa mkekani wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo bibi," na Mwalimu akamwachia kiti chake, kiti pekee chenye mgongo katika banda zima, akamwambia, "Ni wetu, mama. Kaa." Kipindi cha pili Christer Bahera alipokwenda kupiga penalti, bibi yule aliinamisha kichwa na kufunika macho kwa upande wa khanga, akauliza tumwambie ikiisha. Iliisha vizuri. Ufaransa wakapata bao moja, lakini mchezo ukaisha 2-1, na kwenye televisheni ya pembeni Ulaya ilikuwa inachezwa bila mtu hata mmoja kuiangalia. Siku tatu baadaye Kanada walitangulia kufunga, Veronica Mapunda akasawazisha, na sare hiyo ya 1-1 ikawapeleka wasichana robo fainali wakiwa wa pili katika kundi, nyuma ya Japani, huku Ufaransa na Kanada wakirudi nyumbani.

Robo fainali dhidi ya Kolombia ilichezwa Jumamosi ya Oktoba 22, mkesha wa mechi ya Yanga na Simba, na mji mzima ulikuwa unazungumzia watani. Banda lilijaa hata hivyo. Mchezo ukiwa unaendelea, umeme ulikatika, na jenereta ikakataa kuwaka mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, kwa sababu mafuta yalikuwa chini na kijana aliyetumwa kituoni alichelewa. Picha iliporudi, Kolombia walikuwa wamekwisha kuongeza bao, nasi hatukuliona lilivyofungwa. Mchezo uliisha 3-0 na hakuna kilichobadilika kwa sababu ya kukosa dakika zile, lakini ilikuwa robo fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia ya taifa letu, na banda linalojua uzito wa siku kama hiyo lilipaswa kuwa na dumu limejaa tangu asubuhi. Nilimwambia Mwalimu hivyo siku ileile, kwa adabu lakini bila kupunguza, naye akakubali. Katika daftari, ukurasa wa Kolombia una bao moja lisilo na maelezo katika safu ya mwisho, ameandika tu, "Giza." Tangu wakati huo kuna dumu la lita ishirini chini ya meza ya kiingilio, na kila nikiingia kwenye mechi ya vijana huligusa kwa mguu kuhakikisha ni zito.

Mara ya karibuni nilipokwenda kwa ajili ya mashindano makubwa ilikuwa fainali za Afrika za Moroko, zilizoanza Machi 30, 2025, katika siku za Idi. Zilikuwa fainali za kwanza zenye timu 16, na Afrika ilikuwa na nafasi kumi katika Kombe la Dunia la Qatar, kwa hiyo matumaini yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote. Tanzania ilipangwa na Moroko, Zambia na Uganda, ikapoteza mechi zote tatu. Wateja walipungua mechi hadi mechi. Katika ya mwisho tulibaki saba, wanne kati yetu wakiwa watoto. Siku Uganda walipocheza na Gambia kuwania moja ya nafasi mbili za mwisho za kwenda Qatar, nilidhani banda litafungwa, lakini nilikuta liko wazi na watoto wamekaa, na Uganda waliposhinda 1-0 na kufuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao, Mwalimu alituomba tuwapigie makofi. Nilipiga, ingawa kwa moyo mzito, kwa kuwa hao ndio waliotufunga Dar es Salaam 2019 na wakatufunga tena Moroko, na nilitamani sana makofi yale yawe ya kwetu.

Kwa yeyote anayetaka kwenda, yapo machache ya kuzingatia. Mihogo ya nje ni mizuri ikiwa bado ya moto, na kachumbari yake ina pilipili ya kutosha. Kahawa na kashata huletwa na kijana anayepita wakati wa mapumziko. Ukienda na watoto, wapeleke mkekani na uwaonye wasiguse nyaya za projekta. Kaa safu ya pili au ya tatu, upande wa kushoto, mbali na spika na mbali na matundu ya jua. Chukua chenji, kwa sababu noti ya 10,000 itakuchelewesha mlangoni hadi wimbo wa taifa uishe, na Mwalimu hupenda wote wawe wamesimama wakati wa wimbo huo, hata kama timu iko Moroko au India na haiwezi kutuona. Wakati unasubiri, fungua daftari. Kurasa za mwisho zimeshapigwa mistari kwa rula, safu zote zimechorwa, na juu ya ukurasa unaofuata ameandika "Serengeti Boys" na kuacha nafasi ya tarehe na mji.